Michembe Asiyoonyeshwa Mgeni

Mwalimu Felicitas Rugemalira alifika Chuo cha Kilimo Lwagulu mwezi wa Julai mwaka 1976, akiwa na sanduku moja la nguo na matatu ya vitabu. Chuo kilikuwa ufukoni mwa ziwa, kaskazini ya mji wa Mwanza. Wakufunzi wapya kwa kawaida waliuliza mambo mawili siku ya kwanza: nyumba iko wapi, na mshahara hutoka tarehe ngapi. Yeye aliuliza kama kuna fedha za utafiti.

Mkuu wa idara, Mzee Chenge, alimjibu bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Utafiti una fedha zake, Mwalimu. Tatizo ni kwamba fedha hizo hazipo."

Nilikuwapo ofisini. Mimi nilikuwa fundi sanifu wa maabara. Jina langu ni Shimba Mayala, na nilikuwa nimeleta mizani iliyotoka kutengenezwa. Nilitegemea kwamba yule mwalimu kijana atacheka au atanuna. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliandika jibu lile katika daftari lake, akaandika na tarehe, akashukuru, akatoka.

Alifundisha muhula mzima kama walivyofundisha wengine. Mwezi wa Oktoba alikwenda masjala.

"Naomba nyaraka zote zilizotoka Dar es Salaam mwaka huu," alimwambia karani, Bi Teodora.

"Zote?"

"Zote, dada."

"Zote ni mafaili manne, Mwalimu. Hakuna aliyewahi kuyaomba tangu niajiriwe. Hata panya wameyaacha."

"Basi naomba la kwanza."

Alikaa juu ya kreti ya soda kati ya makabati kwa siku mbili, kila alipomaliza vipindi. Katika faili la tatu alipata waraka wa kurasa mbili. Mfuko wa Utafiti wa Vijiji ulikuwa unawaalika wakufunzi wenye chini ya miaka mitatu kazini kuomba fedha kwa ajili ya utafiti wenye manufaa kwa vijiji. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa tarehe 31 Januari 1977. Waraka ulikuwa umefika chuoni mwezi wa Mei. Pembeni, kwa wino wa kijani, mkono wa Mzee Chenge uliandika: "Umeonekana. Uhifadhiwe."

Aliupeleka kwa Mzee Chenge siku ileile, nami nilikuwapo.

"Nakumbuka," alisema mzee. "Lakini mwezi wa Mei sikuwa na mkufunzi mpya."

"Sasa unaye, Mzee."

Mzee Chenge hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameendesha idara kwa miaka sita bila gari, bila kemikali na mara nyingi bila umeme, na miaka hiyo ilikuwa imemfundisha kutotegemea makubwa. Aliusoma waraka tena, akauweka mezani.

"Sikiliza, binti yangu. Nyuma ya maabara kuna chumba cha ghala la zamani. Watu wa kuku wanakidai, na nimewaahidi jibu ifikapo Mei. Ukipata fedha hizi, chumba ni chako, na nitakupunguzia vipindi viwe kumi na viwili kwa wiki. Usipopata, kuku wataingia, na wewe utachukua vipindi ishirini na sita kama wenzako. Baada ya hapo sitaki kusikia neno utafiti. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Utatafiti nini?"

"Michembe."

Mzee Chenge alinitazama mimi, Msukuma mwenzake, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha binti huyu mzaha huo. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya mawe mpaka vikauke kabisa. Kwetu huanikwa mwezi wa Juni na Julai, na huliwa mpaka mvua za mwaka unaofuata. Ni chakula cha kila nyumba. Lakini Mwalimu Felicitas alikuwa Mhaya wa Kamachumu, mtoto wa migomba.

"Mtu wa ndizi utajua nini kuhusu michembe?" Mzee aliuliza, akicheka kwa mara ya kwanza.

"Sijui kitu, Mzee. Ndiyo maana sitaiita elimu, nitaiita utafiti."

Sababu yake ilikuwa wazi, na alinieleza jioni ile tukifunga maabara. Mwaka 1974, watu walipohamia vijiji vipya, vihenge vingi vya kuhifadhia chakula vilibaki kwenye mahame. Katika vijiji vipya chakula kiliwekwa kwenye magunia, kwenye matenga, hata chini ya vitanda. Njaa ya mwaka uliofuata kila mtu aliikumbuka. Yeye alitaka kujua ni kiasi gani cha michembe kinaliwa na bungua, wale wadudu wanaotoboa chakula kikavu, kabla hakijaliwa na watu, na ni njia ipi ya kuhifadhi iliyo bora kati ya njia walizozijua akina mama wenyewe. Sikuwahi kusikia mtu aliyesoma akitaka kwenda kwa mama zetu kujifunza.

Fomu ya maombi ilikuwa na maswali kumi na moja. Aliyajibu kumi kwa wiki mbili, kwa mwandiko usio na mkwaruzo, na aliandika upya kila jibu mpaka likaingia katika nafasi iliyotolewa. Swali la nne ndilo lililobaki. Lilisema: "Toa ushahidi wa awali kwamba tatizo lipo." Kwa swali hilo ilibidi kwenda kijijini.

Tulichagua Mwalugoye, kilomita tisa kutoka chuoni, kwenye njia ya kwenda Bujora. Nilikuwa na jamaa huko. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji na mkalimani, niliona ni wajibu wangu kuandaa safari kwa heshima. Siku tatu kabla, nilituma salamu kwa katibu wa kijiji kwamba mwalimu wa chuo, mwanamke msomi, angekuja kutazama michembe katika kaya ishirini. Nilijivunia mpangilio huo. Naandika hivi ili isije ikadhaniwa kosa lilikuwa la mwingine.

Tulikwenda kwa baiskeli mbili za chuo mapema Desemba. Mizani ilikuwa kwenye karia yangu, imefungwa ndani ya blanketi. Nyumba zilikuwa zimefagiwa. Katika kila kaya tulikaribishwa viti, na tenga la michembe lililetwa mbele yetu likiwa limefunikwa kwa ungo safi. Mwalimu Felicitas alihesabu vipande mia moja kutoka kila tenga, akavitazama kimoja kimoja kwenye mwanga, akaweka upande vile vyenye matundu. Alivipima. Aliandika.

Bibi Kashindye, mwenyekiti wa akina mama wa Mwalugoye, alikuwa mjane wa miaka sitini na zaidi, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alimtazama mwalimu akihesabu kwa muda mrefu, kisha akanisemesha kwa Kisukuma.

"Huyu mtoto kwao hawana chakula?"

"Wanacho, bibi. Wana ndizi."

"Basi mbona anahesabu chakula cha watu?"

Nilitafsiri. Mwalimu Felicitas alicheka na kusema, "Mwambie kwamba kwetu ningehesabu ndizi za mama yangu, ningechapwa." Bibi Kashindye aliposikia hivyo alicheka pia, na akaagiza tuletewe maziwa ya mgando.

Jioni tulipofika chuoni, jedwali lilikuwa limekamilika. Katika kila vipande mia moja, vilivyobunguliwa vilikuwa viwili kwa wastani. Mwalimu alijumlisha mara tatu. Viwili.

"Tatizo halipo," alisema.

Mzee Chenge alipoonyeshwa jedwali, alikunja uso.

"Viwili kwa mia? Kila mtu anajua kwamba bungua wanakula robo ya michembe kabla ya Krismasi. Andika robo."

"Kila mtu ni nani, Mzee? Nimweke kwenye orodha ya vitabu nilivyorejea?"

"Mwalimu, usinifanyie utani. Hawa watu wa Mfuko wanakaa Dar es Salaam. Hakuna atakayekuja Mwalugoye kuhesabu matundu."

"Mimi nilikwenda."

"Kwa hiyo unatupa fomu kwa sababu ya matenga ishirini?"

"Situpi fomu. Ila siwezi kuandika robo nilipoona mbili."

Alitoka na jedwali lake. Nilidhani mambo yamekwisha, na kwa kweli nilisikitika, maana nilikuwa nimeanza kukizoea kile chumba cha ghala katika mawazo yangu. Nilikuwa nimekwisha panga rafu. Kwa wiki mbili hakutaja michembe. Alisahihisha mitihani. Alikwenda kwao Kamachumu kwa Krismasi kwa meli ya Bukoba, akarudi baada ya mwaka mpya.

Siku ya pili baada ya kurudi aliniita maabara.

"Ndugu Shimba, michembe ya miezi mitano huwa na vumbi?"

"Vumbi gani?"

"Unga. Ule unaobaki chini bungua wanapotoboa. Nimepitia maelezo yangu ya Mwalugoye. Niliandika hali ya kila tenga. Matenga ishirini, na hakuna hata moja lililokuwa na unga chini. Hata vile vipande vichache vyenye matundu vilikuwa vimepanguswa."

Nilivuta daftari nikaisoma orodha ile.

"Mama yako akipata mgeni," aliendelea, "humtolea michembe ipi?"

"Mizuri, Mwalimu."

"Na ile mibaya?"

"Mibaya haonyeshwi mgeni. Ni aibu. Mwanamke ambaye chakula chake kina wadudu huitwa mvivu. Mgeni akija chakula huchambuliwa kwanza, kikapangwa kile kizima juu ya..."

Hapo nilikoma, kwa sababu nilikuwa nimesikia maneno yangu mwenyewe. Siku tatu. Nilikuwa nimewapa siku tatu za kuchambua. Kijiji kizima kilikuwa kimekesha kikimchambulia mgeni wangu michembe, na mimi niliyezaliwa katika desturi hiyo nilikaa mbele ya yale matenga nikaona ni jambo la kawaida kabisa. Nilikuwa nimezoea kutolewa kizuri.

"Ni kosa langu," nilisema. "Twende bila taarifa. Twende kesho alfajiri. Tukiingia jikoni moja kwa moja tutaiona yote."

"Hapana."

"Zimebaki wiki tatu, Mwalimu."

"Wamekwisha ingiliwa majumbani mwao vya kutosha, Ndugu Shimba. Walipohamishwa, mgambo waliingia bila kubisha hodi. Mimi sitaingia jikoni mwa mtu kama mgambo ili nipate namba." Alifikiri kidogo. "Mtu huonyesha aibu yake kwa nani?"

"Kwa mtu wa nyumbani."

"Au kwa mwenye aibu kubwa zaidi," alisema, na akaenda nyumbani kwake.

Alirudi na tenga dogo. Kumbe mwezi wa Julai, alipofika tu, alikuwa amenunua viazi sokoni, akavimenya, akavikata na kuvianika juu ya bati la choo, ili ajue kazi yenyewe ilivyo. Kisha akaviweka kwenye tenga chini ya meza ya jikoni na kuvisahau. Alifunua. Sijawahi kuona michembe ya namna ile. Vipande vilikuwa vinene kama ndala, vingine vimeota ukungu, na vyote vilikuwa vimetobolewa mpaka ukivishika vinapukutika. Bungua walikuwa wanatembea juu mchana kweupe, bila haraka, kama wenye nyumba.

"Utalipeleka hilo Mwalugoye?" niliuliza.

"Kesho. Na safari hii tuma taarifa. Waambie mwalimu ana shida, anaomba msaada wa akina mama."

Tulifika saa tatu asubuhi. Akina mama wapatao kumi na watano walikuwa wamekusanyika uani kwa Bibi Kashindye. Mwalimu Felicitas alipiga goti akasalimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tumeambiwa una shida."

Hakueleza. Aliweka tenga lake katikati ya uwanja na kulifunua.

Kisha Getruda, mke wa mtoto wa Bibi Kashindye, aliinama, akachukua kipande kimoja kwa vidole viwili na kukiinua juu.

"Hii ni michembe au ni kandambili?"

Uwanja mzima ulilipuka. Mama mmoja alikaa chini. Mwingine alijifuta machozi kwa upembe wa kanga na kuuliza kama mwalimu ana mume, na kama anaye, iwapo bado yuko hai. Bibi Kashindye alishika kiuno, akacheka kwa ile sauti yake mpaka watoto wa nyumba ya tatu wakaja mbio kuona kuna nini. Nilitafsiri kila neno, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mwalimu Felicitas alicheka nao. Alikuwa amekubali kuchekwa, na alichekwa mpaka mwisho.

Walipotulia, aliuliza kwa Kiswahili chepesi ambacho wengi walikielewa:

"Nilikosea wapi?"

Walijibu wote kwa pamoja. Umekata vinene. Umeanika juu ya bati, bati linachoma juu, ndani kunabaki maji. Anika juu ya jiwe. Umeweka chini, unyevu unapanda. Hukuweka majivu. Majivu si kila majivu, ni ya mashina ya mtama. Mama mmoja alisema si majivu kabisa, ni majani makavu ya mwarobaini. Mwingine akamwambia anadanganya, majani hayo yanaharibu ladha. Walianza kubishana wao kwa wao, na kalamu ya mwalimu ikaanza kukimbia.

"Wewe wa majivu, unajisifu nini?" Getruda alimwambia jirani yake. "Ya kwako nusu imekwisha. Nilikuona juzi ukipepeta."

"Na ya kwako je?"

"Ya kwangu imebunguliwa, ndiyo. Lakini si kama hii ya Mhaya!"

Alikuwa amekiri mbele ya mgeni. Getruda aliziba mdomo. Mwalimu hakuinua macho kwenye daftari. Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Naweza kuiona, ili nipate moyo?"

Getruda alimtazama mama mkwe wake. Bibi Kashindye alitazama tenga la mwalimu, halafu akamtazama mwalimu mwenyewe, ambaye bado alikuwa amekaa chini ardhini kati yao na vumbi la bungua kwenye sketi. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na gunia. Alilimimina juu ya ngozi ya ng'ombe, yote, mpaka unga wa chini.

"Hii ni yangu," alisema. "Hesabu."

Baada ya hapo kila mmoja alikwenda kwake. Tulihesabu siku mbili. Kaya ishirini zilezile, vipande mia kila kaya, bila kuchambua. Vilivyobunguliwa vilikuwa thelathini na moja kwa mia. Mzee Chenge na kila mtu wake walikuwa wamekosea: haikuwa robo, ilikuwa karibu theluthi. Tena ilionekana wazi kwamba kaya nne zilizotumia majivu ya mtama na kuweka matenga juu ya dari ya jikoni zilikuwa na kumi na moja tu kwa mia.

Likabaki jambo moja. Fomu ilitaka jedwali lenye jina la kila kaya. Bibi Kashindye alipoelezwa, alikataa.

"Namba chukua. Majina usichukue. Unataka Dar es Salaam wajue kwamba Kashindye wa Mwalugoye analisha wajukuu bungua?"

Akina mama waliitikia. Nilikuwa tayari kumshauri mwalimu abuni majina, nani angejua? Yeye alichora jedwali palepale kwa rula, akaandika mstari wa kwanza, kisha akamgeuzia Getruda, aliyekuwa na cheti cha elimu ya watu wazima.

"Soma kwa sauti, dada."

Getruda alisoma herufi kwa herufi. "Kaya ya kwanza. Felicitas Rugemalira, mkufunzi, Chuo cha Lwagulu. Vipande vilivyobunguliwa: tisini na nne kwa mia."

"Umejiandika?" Bibi Kashindye aliuliza.

"Tenga langu limehesabiwa kama ya kwenu. Litakaa juu. Atakayesoma ataanza kucheka hapo, akifika kwenu atakuwa amechoka."

Bibi Kashindye alisonya, lakini mdomo wake ulikuwa unapigana na tabasamu.

"Basi mimi niandike wa pili," alisema. "Na Getruda asiandikwe mbele yangu, hata kidogo."

Bi Teodora alipiga chapa ombi lile kwa nakala tano, karatasi za kaboni zikiwa zimechakaa mpaka nakala ya tano ilisomwa kwa kuinamishwa kwenye mwanga. Tarehe 22 Januari lilikuwa mezani kwa Mzee Chenge likisubiri sahihi. Nilikuwapo tena, safari hii sikuwa nimeleta kitu chochote, nilitaka tu kuona.

Alisoma kurasa zote. Alipofika swali la nne alisoma mara mbili.

"Umeandika matokeo ya Desemba pia."

"Ndiyo."

"Umeeleza kwamba ulionyeshwa michembe iliyochambuliwa, na hukutambua kwa mwezi mzima."

"Ndiyo, Mzee."

"Hili ni ombi la fedha, Mwalimu, si kitubio. Toa ukurasa huu. Thelathini na moja inatosha."

"Nikiutoa, mwingine atakwenda kijiji kingine na kupeleka salamu siku tatu kabla, na ataandika kwamba Usukumani hakuna bungua. Itaandikwa kitabuni. Halafu mwaka wa njaa mtu atakisoma kitabu hicho na kusema watu hawa wana chakula."

Mzee Chenge alivua miwani. Nje watoto wa wafanyakazi walikuwa wanaogelea, na kelele zao zilitufikia kutoka ziwani. Alifungua kurasa tena, akasimama kwenye jedwali, kwenye mstari wa kwanza. Niliona mabega yake yakianza kutikisika.

"Tisini na nne," alisema. "Tisini na nne! Mwalimu wa hifadhi ya mazao!"

Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha alichukua kalamu ya wino wa kijani na kutia sahihi nakala zote tano, ukurasa ule ukiwa mahali pake.

Jibu lilikuja tarehe 19 Aprili. Mfuko ulikubali ombi kwa mwaka mmoja badala ya miaka miwili, na kwa theluthi mbili ya fedha zilizoombwa. Mwombaji alitakiwa kuchagua cha kupunguza na kujibu ndani ya siku kumi na nne. Hapakuwa na neno la sifa. Mwalimu Felicitas alilisoma amesimama mlangoni mwa masjala. Bi Teodora alipiga kigelegele, nami nikakimbia kumwambia Mzee Chenge, ambaye alisema "Nilijua," jambo ambalo halikuwa kweli, akanipa ufunguo wa chumba cha ghala na kuwaandikia watu wa kuku barua fupi ya pole.

Mimi ningepunguza mizani ya pili tuliyokuwa tumeiomba. Nilikaa na mwalimu usiku wa siku hiyo tukipiga hesabu, na kila tulichokata kilivunja kitu kingine. Gari la kukodi kwenda Mwalugoye kila mwezi ndilo lililokula zaidi. Bila gari, sampuli za kaya ishirini zisingefika maabara.

"Tusikate sisi," alisema hatimaye, akifunga daftari. "Twende tukawaulize wenyewe."

Aliwasomea akina mama barua nzima, kila tarakimu, na akaeleza kila kitu ni cha nini. Walisikiliza kama wanavyosikiliza mashauri ya ng'ombe, bila kukatiza. Bibi Kashindye aliuliza swali moja.

"Gari ni la kubebea nini?"

"Michembe yenu, bibi. Kuileta chuoni ipimwe."

"Kata gari. Tutaleta wenyewe."

"Ni kilomita tisa, bibi."

"Mnadani ni kilomita kumi na mbili, na hatujawahi kukuomba gari."

Mwalimu alisita. Nilijua anachofikiria, maana nami nilikifikiria. Kumtolea mtu michembe mibovu uani mwako ni jambo moja. Kupita nayo barabarani, mchana, mbele ya majirani, wapanda baiskeli na watu wa mnadani, ni jambo jingine.

"Mtaleta bila kuchambua?" aliuliza.

"Ukitaka tuchambue tutachambua," Bibi Kashindye alisema. "Lakini nilidhani wewe umesoma."

Jumatatu ya kwanza ya Mei nilisimama kwenye lango la chuo tangu saa mbili. Walitokea saa nne kasoro, mstari mmoja, matenga kichwani, wakiongea kwa sauti ya juu. Wanafunzi walikuwa wametoka madarasani na kujipanga kando ya barabara. Mwalimu Felicitas alikuwa amekwenda kuwapokea, na alikuwa anarudi nao, naye amebeba tenga la mama aliyekuwa na mtoto mgongoni.

Getruda alikuwa amelifunika tenga lake kwa kanga, amelifunga kwa mafundo mawili. Wengi walikuwa wamefunika. Bibi Kashindye alitangulia mbele, shingo imenyooka, mikono imening'inia. Tenga lake lilikuwa wazi, na upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha unga wa bungua kutoka juu yake, ukimwangukia mabegani. Hakuupangusa.